Baruti, Ukoo na Watwale: Jinsi Dola za Bara la Afrika Mashariki Zilivyopata na Kushika Madaraka

Vitabu vingi vya historia ya dunia, vinapoeleza jinsi dola kubwa za nchi kavu zilivyopata madaraka na kuyashika kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, huchukua mifano mitatu ya Asia, yaani dola ya Uthmaniya iliyotawala kutoka Istanbul, dola ya Safawi ya Uajemi na dola ya Mughal ya India, na mara chache sana huifikia Afrika Mashariki isipokuwa kwa kuitaja Uhabeshi au bandari za Waswahili. Upungufu huo una sababu yake, kwa kuwa dola nyingi za bara la Afrika Mashariki hazikuacha daftari za kodi, na nyingine zilifikia kilele chake katika karne ya 19, wakati zile za Asia zilikuwa zimekwisha kuanguka au kuchakaa. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa ualimu anayesomea historia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE), kilichoanzishwa mwaka 2005 hapo Chang'ombe, wilayani Temeke, mahali palipokuwa na chuo cha ualimu, maswali yaleyale yanayoulizwa kuhusu Istanbul, Isfahan na Agra yanaweza kuulizwa kuhusu Vugha ya Usambara, Urambo ya Unyamwezi, Kiwele ya Ukimbu, Kalenga ya Uhehe na mji wa Kabaka huko Buganda, na majibu yake yanaonyesha jambo ambalo mifano ya Asia peke yake hulificha.

Jambo hilo ni kwamba kupata madaraka na kuyashika ni kazi mbili tofauti, na kwamba sababu zinazoeleza vizuri kazi ya kwanza, kama vile silaha, biashara na uhodari wa mwasisi, hazielezi ya pili. Dola, kwa maana inayotumika hapa, ni mamlaka moja inayotawala jamii nyingi ambazo kila moja ilikuwa na viongozi wake kabla ya kushindwa au kukubali kuwa chini yake, na kipimo cha uimara wake kinapatikana katika miaka michache inayofuata kifo cha mtawala aliyeijenga. Wakati huo ndipo inapojulikana kama wanaokusanya kodi, wanaoamua kesi na wanaoongoza askari huko mikoani wanafanya hivyo kwa jina la cheo walichopewa, au kwa kuwa walimwogopa, walimpenda au walizaliwa na mtu fulani ambaye sasa hayupo.

Maelezo yaliyopata umaarufu kuliko yote kuhusu dola hizo za Asia ni yale ya wanahistoria Marshall Hodgson na William McNeill wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliozihusisha na baruti kwa hoja kwamba mizinga ilikuwa ghali mno kwa bwana mdogo wa ngome kuimudu, hivyo mfalme mwenye hazina kubwa aliweza kubomoa kuta za wapinzani wake mmoja baada ya mwingine. Ushahidi wa hoja hiyo upo. Mehmed II aliiteka Konstantinopoli mwaka 1453 baada ya mizinga yake kupiga kuta za mji kwa majuma kadhaa. Mwaka 1514 huko Chaldiran bunduki na mizinga ya Sultani Selim I iliwavunja wapanda farasi wa Shah Ismail. Na mwaka 1526 Babur alitumia silaha kama hizo huko Panipat kumshinda Ibrahim Lodi, Sultani wa Delhi, ambaye jeshi lake lilikuwa kubwa kuliko la mvamizi. Lakini hoja hiyo inaishia kwenye uwanja wa vita. Shah Ismail aliyeshindwa Chaldiran aliwaachia wanawe dola iliyoishi miaka 200 zaidi, hadi Waafghani walipoiteka Isfahan mwaka 1722, ilhali Humayun, mwana wa Babur mshindi wa Panipat, alinyang'anywa India miaka 14 tu baada ya ushindi wa baba yake, na hakuirudia hadi mwaka 1555.

Pembe ya Afrika inatoa mfano ulio wazi zaidi. Imam Ahmad bin Ibrahim, ambaye Wahabeshi walimwita Gragn, yaani mwenye kutumia mkono wa kushoto, alianza mwaka 1529 kuishinda milki ya Kikristo ya nyanda za juu na kwa muda wa miaka michache akawa bwana wa sehemu kubwa ya nchi hiyo, baadaye akisaidiwa na wapiga bunduki kutoka upande wa Waturuki. Mwaka 1543 aliuawa vitani huko Wayna Daga, na jeshi lake likatawanyika, wala hapakuwa na mfumo wa utawala uliobaki kulinda ushindi wa miaka 14. Milki aliyokuwa ameivunja ilirudi, maskini na yenye majeraha, kwa sababu nasaba yake, kanisa lake na mashamba waliyogawiwa mabwana kwa utumishi wao vilikuwa vimeota mizizi kwa zaidi ya miaka 270.

Katika bara lililo nyuma ya pwani ya Waswahili, baruti ilikuwa na tatizo la ziada, nalo ni kwamba haikutengenezwa huko. Waturuki walisubu mizinga yao wenyewe, na mafundi wa India walitengeneza bunduki zilizosifiwa, lakini mtemi wa Unyamwezi, yaani mtawala mwenye mamlaka ya kisiasa na ya kimila juu ya eneo lake, alipata magobore na baruti kutoka kwa wafanyabiashara wa Zanzibar, hasa baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake huko na misafara ya pembe za ndovu kuzoea njia ya Tabora na Ujiji. Silaha iliyompa nguvu dhidi ya jirani yake ilimfanya wakati huohuo awe mteja wa watu wa pwani, na kila mtawala wa njia kuu alilazimika kuamua kama atashirikiana nao, atawatoza au atawapiga.

Mirambo alifanya yote matatu kwa nyakati mbalimbali. Alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika nyumba ya watemi wa Uyowa, utemi mdogo usio na jina kubwa, na katika miaka ya 1860 akaanza kuukusanya Unyamwezi wa magharibi kwa kutumia rugaruga, ambao ni vikosi vya vijana waliokatika na jamaa zao, wakiwemo mateka wa vita, watumwa waliotoroka na wapagazi wa zamani, walioishi kwa nyara na waliomtii kiongozi wao kwa kuwa hawakuwa na mwingine wa kumtii. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, akawashinda Waarabu wa Tabora na washirika wao wa Unyanyembe, akaiingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji, vita ambavyo Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, alijikuta ndani yake akiwa upande ulioshindwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 kila aliyetaka kupita magharibi ya Tabora alimjua Mirambo. Wamisionari wa London walimweka daktari wao Urambo kuanzia mwaka 1879, na Stanley mwenyewe, aliyemwogopa mwaka 1871, alichanjiana naye damu mwaka 1876.

Ukitazama jinsi alivyotawala kile alichokishinda, picha inabadilika. Mirambo alipoushinda utemi mwingine alimwua au kumfukuza mtemi wake, kisha akamweka mtu mwingine wa nyumba ileile ya utawala aliyekubali kuwa chini yake, kwa sharti la kuleta wapiganaji vitani na pembe za ndovu Urambo. Njia hiyo ilikuwa nyepesi, haikuhitaji watumishi wengi, na watu wa nchi iliyoshindwa waliendelea na mila zao chini ya mtu wa damu waliyoijua. Hata hivyo iliacha kila nchi ikiwa nzima, na kiongozi wake halali, na kumbukumbu yake, na wapiganaji wake, ikisubiri siku mkono wa juu utakapolegea. Siku hiyo ilifika tarehe 2 Desemba 1884 Mirambo alipofariki kwa maradhi. Mdogo wake Mpandashalo alirithi jina na rugaruga, lakini tawala zilizokuwa chini zilianza kujitoa mara moja, na alipouawa vitani mwaka 1890 dola ya Mirambo ilikuwa imerudi kuwa utemi kama tawala nyingine za jirani.

Mwezi huohuo wa Desemba 1884 alifariki mtawala mwingine wa aina yake, ambaye hajapata hata robo ya umaarufu wa Mirambo, na hilo ni kosa linalostahili kusahihishwa darasani. Nyungu ya Mawe, mtu wa jicho moja aliyetoka katika nyumba ya utawala ya Unyanyembe, aliingia Ukimbu, nchi ya misitu na watu wachache kusini mwa Tabora, akakaa Kiwele katika miaka ya 1870 na kuzishinda tawala ndogo ndogo za Wakimbu kwa rugaruga walewale na kwa ukali uleule. Tofauti yake na Mirambo ilikuwa katika hatua iliyofuata ushindi. Nyungu alizikusanya tawala hizo katika mafungu machache makubwa, na juu ya kila fungu akaweka mtwale, yaani mwakilishi aliyemchagua mwenyewe kutoka miongoni mwa makamanda wake, asiye na ukoo katika nchi aliyopelekwa, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia watemi wa pale, kupokea pembe za ndovu na kuzipeleka Kiwele. Watemi wa Kikimbu waliachiwa matambiko, kwa kuwa hakuna mgeni ambaye angeweza kuomba mvua kwenye makaburi yasiyo ya babu zake, lakini pembe, askari na kesi kubwa viliwatoka mikononi. Nyungu alipokufa alirithiwa na binti yake Mgalula, bila dola kupasuka, na watwale wakaendelea na kazi hadi Wajerumani walipouvunja mfumo huo mwaka 1895. Kwa hiyo dola mbili zilizojengwa wakati mmoja, kwa askari wa aina moja, kwa biashara moja na katika nchi zinazopakana ziliachiwa warithi katika mwezi mmoja, na iliyodumu ni ile ndogo, maskini na iliyo mbali na njia kuu, kwa sababu ilikuwa na maofisa.

Watwale wa Nyungu wana ndugu zao Asia. Sultani wa Uthmaniya alichukua wavulana wa familia za Kikristo za Balkan kwa utaratibu ulioitwa devşirme, akawasilimisha, akawasomesha na kuwafanya askari wa Janissari au mawaziri, na sababu ilikuwa ileile, yaani kupata watumishi wasio na shangazi wala mjomba mwenye cheo, ambao bila Sultani hawakuwa na kitu. Shah Abbas I wa Uajemi, aliyetawala kuanzia mwaka 1588 hadi 1629, alitumia watumwa wa kifalme wenye asili ya Georgia, Armenia na Cherkesi ili kuwapunguzia nguvu wakuu wa makabila ya Kituruki walioiweka nasaba yake madarakani. Akbar wa India, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605, alikuja na njia nyingine: kila bwana alipewa daraja lenye namba, na pamoja na daraja hilo mapato ya kodi ya eneo fulani, lakini eneo lilibadilishwa kila baada ya miaka michache, na bwana akifa mali ilirudi hazina, ili mtu asije akazoeana na wenyeji kiasi cha kujifanya mfalme wao. Hakuna dawa kati ya hizo iliyofanya kazi milele. Janissari walianza kuoa, kufanya biashara na kuwaingiza watoto wao kikosini, wakageuka kuwa tabaka lililowaondoa na kuwaweka masultani kwa maslahi yake, hadi Mahmud II alipowafuta kwa mizinga mwaka 1826.

Njia iliyo kinyume ya hiyo ni kutawala kwa kutumia damu, na mfano wake ulioandikwa vizuri zaidi uko Usambara, kwa kuwa Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliuandikia kitabu kizima kwa Kiswahili, Habari za Wakilindi, kilichochapwa na wamisionari wa Magila na kutolewa tena mwaka 1962. Mwasisi wa ukoo wa Wakilindi, Mbegha, alikuwa mwindaji kutoka Nguu ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alifukuzwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, akaingia milima ya Usambara akiwa na mbwa wake na kuwagawia Washambaa nyama ya nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba yao. Akaamua kesi zao, akaoa kwao, na Vugha ikawa mji wake. Masimulizi hayo yana alama zote za kutungwa upya na washindi, lakini yanaeleza bila kuficha msingi wa madai ya Wakilindi: mgeni asiye na upande aliyepatanisha koo zilizoshindwa kupatana, na mfalme ambaye nguvu zake za mvua zinaweza kuiponya nchi au kuiharibu.

Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu takriban mwaka 1815 hadi 1862 na ambaye mmisionari Krapf alimtembelea Vugha mwaka 1848, aliupeleka utawala huo hadi jirani na pwani. Mbinu yake kubwa ilikuwa kuoa katika kila sehemu ya nchi na kuwapeleka watoto wa kiume waliozaliwa kutawala kwa wajomba zao, ambako walipokewa kama watoto wa nyumbani na hapohapo walimtii baba. Kwa miaka arobaini na zaidi mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri sana, na udhaifu wake haukuonekana kwa kuwa ulijificha ndani ya umri mrefu wa mfalme. Mtoto humtii baba, lakini ndugu hamtii ndugu kwa kiwango hichohicho, na mjomba au baba mdogo humtii mtoto wa ndugu yake kwa shida zaidi. Aliyemrithi Kimweri alikuwa mjukuu wake Shekulwavu, kijana aliyejikuta akiwaamrisha baba zake wadogo, kila mmoja akiwa na nchi, wajomba na wafuasi wake.

Mmoja wa baba zake wadogo hao, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, chini ya milima, kwenye bonde la Pangani ambako misafara ilipita, na kutokana na misafara hiyo alipata bunduki na marafiki wa pwani. Alipoipiga Vugha karibu na mwisho wa miaka ya 1860 na kumfukuza Shekulwavu, Wabondei nao walipata nafasi ya kuwaondoa Wakilindi waliowatawala, na nchi ikaingia katika vita vya muda mrefu vilivyojaza njia za pwani kwa mateka waliouzwa utumwani. Jambo moja katika ushindi wa Semboja linastahili kuangaliwa kwa karibu. Alipoupata mji wa wafalme hakuhamia. Alimweka Vugha mwanawe Kimweri Maguvu, mwenyewe akabaki Mazinde, kando ya barabara ya misafara. Kwa mtu wa kizazi cha Mbegha, kuiteka Vugha na kukataa kukaa Vugha kungekuwa jambo lisiloeleweka. Semboja alikuwa amekwisha kuona kwamba heshima ilibaki mlimani na mapato yalikuwa bondeni.

Wamughal nao walilipa gharama hiyohiyo kwa kuwapa watoto wa mfalme mikoa na majeshi, kwani Shah Jahan alipougua mwaka 1657 wanawe wanne waliingia vitani, na Aurangzeb akapanda kitini baba yake akiwa hai na kifungoni. Waturuki walikwepa balaa hilo kwa ukatili mwingine, kama Mehmed III alivyoamuru ndugu zake 19 wauawe alipotawazwa mwaka 1595, kabla ya vizazi vilivyofuata kuona afadhali wafungiwe ndani ya kasri.

Buganda ilipata jibu lililopangika kuliko la Usambara, na kwa sababu za uchumi ambazo hazina budi kutajwa kwanza. Sehemu kubwa ya bara la Afrika Mashariki ilikuwa na ardhi nyingi na watu wachache, hivyo mtawala hakuweza kujenga hazina juu ya kodi ya mashamba kama Akbar, ambaye waziri wake Todar Mal aliwapima wakulima ardhi na kuwatoza takriban theluthi moja ya mavuno kwa fedha taslimu. Mkulima wa Unyamwezi aliyedhulumiwa aliweza kufunga mizigo na kwenda kulima kwa mtemi mwingine, naye angepokewa kwa furaha. Ndiyo maana mapato ya watemi yalitegemea vitu vinavyopita, kama hongo, yaani ushuru wa misafara, na jino moja la kila tembo aliyeuawa, lile lililogusa ardhi. Kaskazini ya Ziwa Viktoria hali ilikuwa nyingine, kwa kuwa shamba la migomba huzaa kwa miaka mingi na mwenye nalo hahami kirahisi, na kaya zilizotulia mahali pamoja zinaweza kuhesabiwa, kutozwa nguo za magome ya miti na kuitwa kulima barabara.

Juu ya msingi huo makabaka wa karne ya 18 walipunguza hatua kwa hatua nguvu za bataka, wakuu wa koo waliotawala ardhi yenye makaburi ya mababu zao, na kuongeza idadi ya wakuu wanaoteuliwa na kuondolewa na Kabaka mwenyewe. Buddu ilipotekwa chini ya Kabaka Jjunju mwishoni mwa karne hiyo, nchi mpya iliwekwa chini ya mkuu wa kuteuliwa, Pokino, na ushindi wa namna hiyo ulimpa Kabaka vyeo vya kugawa bila kumnyang'anya mtu wa nyumbani. Wana wa Kabaka walizuiwa kutawala mikoa, na kwa kuwa mwana wa mfalme alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, hapakuwa na ukoo mmoja wa kifalme wa kuchukiwa. Kila ukoo uliompa Kabaka binti ulikuwa na tumaini la kuzaa mfalme ajaye. Vijana wa koo zote walitumwa ikulu kutumikia, na aliyeonekana hodari aliweza kupanda hadi kuwa Katikkiro, waziri mkuu. Huo ulikuwa mfumo wenye ukatili mwingi, na mtumishi aliyepanda kwa neno moja la Kabaka aliweza kuuawa kwa neno jingine.

Jaribio lake lilikuja mwaka 1888. Vijana wa ikulu waliokuwa wamesilimu au kubatizwa, wakiwa na bunduki, walimwondoa Kabaka Mwanga, na kabla mwaka haujaisha Kiwewa na baada yake Kalema walikuwa wamekalia kiti hichohicho. Mwanga alirudi mwaka 1889, na vita vya vyama vya dini viliendelea hadi 1892. Usambara ilipopata msukosuko wa namna hiyo ilipasuka vipande. Huko Buganda kila chama kiliposhinda kiligawana vyeo vilevile vya Pokino, Sekiboobo, Mukwenda na vinginevyo, na hakuna aliyependekeza vifutwe, kwa kuwa vita vyote vilihusu nani avishike. Waingereza walipofika na kuweka mkataba wa mwaka 1900 na wakuu hao, wakiongozwa na Katikkiro Apolo Kagwa kwa niaba ya Kabaka mtoto Daudi Chwa, walikuta utawala uliokuwa unafanya kazi hata bila mfalme mtu mzima. Rwanda ya Kigeli Rwabugiri, aliyekufa mwaka 1895, ilikuwa na ujanja mwingine wa kuvutia, wa kuweka katika eneo moja wakuu watatu, mmoja wa ardhi, mmoja wa malisho na mmoja wa jeshi, kila mmoja akimchunga mwenzake kwa manufaa ya ikulu; nayo ilinusurika mapinduzi ya Rucunshu ya mwaka 1896, ambapo mrithi wa Rwabugiri aliangamia lakini ufalme ukabaki.

Imani ilitumika kila mahali, ingawa nguvu yake mara nyingi hukuzwa. Shah Ismail aliulazimisha Ushia mwaka 1501 na kuipa Uajemi utambulisho ambao umedumu kuliko nasaba yake, na Akbar aliifuta kodi ya jizya kwa wasio Waislamu mwaka 1564 ili Warajput wapate sababu ya kuwa wake. Kwa watawala wa bara la Afrika Mashariki, mvua, makaburi na ngoma za kifalme vilikuwa na kazi hiyohiyo, lakini mfano wa Wakilindi unaonyesha kwamba heshima ya mvua ilimlinda mfalme wakati alipokuwa na nguvu nyingine pia, na haikumzuia Semboja hata siku moja.

Uhehe unasimama katikati ya mifano yote hii. Munyigumba, aliyekufa mwishoni mwa miaka ya 1870, aliunganisha tawala ndogo za nyanda za Iringa kwa vita na kwa ndoa, akaweka chini yake wakuu waliotoka katika nyumba zilizoshindwa na wengine aliowateua. Mwanawe Mkwavinyika, anayejulikana kwa wote kama Mkwawa, ilimbidi kwanza apigane na Mwambambe, mkwe wa baba yake, kabla ya kutambuliwa. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo wapiganaji wake waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, na ushindi huo ukampa sifa ambayo haijafifia. Aliizungushia Kalenga ukuta wa mawe, uamuzi wa mtawala anayefikiri kama dola yenye mji mkuu, na tarehe 30 Oktoba 1894 mizinga ya Wajerumani iliubomoa, jambo ambalo lingetokea kwa ngome yoyote ya Asia miaka 400 kabla. Baada ya hapo Uhehe ulishikamana na Mkwawa mwenyewe kwa miaka karibu minne ya vita vya msituni, watu wakimficha na kumlisha, hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Utii wa namna hiyo hauelezeki kwa rugaruga wala kwa nyara, na unaonyesha kwamba katika vizazi viwili tu watu wa tawala mbalimbali walikuwa wamekwisha kujiona Wahehe.

Wakoloni walivuna tofauti hizi zote. Mahali palipokuwa na maofisa wenye uzoefu, kama Buganda na Rwanda, walitawala kupitia kwao. Mahali ambapo dola ilikuwa imevunjika, Wajerumani walileta maakida na maliwali kutoka pwani, mfumo walioukuta katika utawala wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, walijaribu kuwarudisha machifu kama watumishi wa serikali wanaolipwa mshahara. Chifu wa namna hiyo alishika cheo, lakini kodi, jeshi na haki ya kumwondoa vilikuwa kwa Mkuu wa Wilaya, kwa hiyo alikuwa amebakiwa na kile ambacho Nyungu aliwaachia watemi wa Ukimbu. Matokeo yake yalionekana baada ya uhuru. Huko Uganda, kuuondoa ufalme wa Buganda kulihitaji jeshi kuishambulia ikulu ya Kabaka mwaka 1966 na katiba mpya mwaka 1967, na bado ufalme ulirudishwa mwaka 1993, ingawa bila madaraka ya kisiasa. Tanganyika, ambayo bendera yake ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 katika Uwanja wa Taifa, leo Uwanja wa Uhuru, jirani na Chang'ombe, iliyafuta mamlaka ya machifu mwaka 1963 kwa sheria ya kawaida, bila risasi kupigwa. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa amekwisha kuingia katika baraza la mawaziri la serikali mpya, na Bunge lililopitisha sheria hiyo liliongozwa na Spika Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa Mkwavinyika.